Tela halina spidomita: namna ya kutafuta ubovu wa semi kabla haujakulaza njiani

Kichwa cha lori kina vya kukisemea. Kina saa za dashibodi, kina taa nyekundu inayowaka oili ikipungua, kina spidomita inayokukumbusha kwamba sevisi imefika. Tela halina hata kimoja. Mwezi huu linavutwa na kichwa hiki, mwezi ujao na kingine, na ukiuliza limetembea kilomita ngapi tangu beringi zake zipakwe grisi, dereva atamtazama utingo, utingo atatazama chini. Simama siku moja kati ya Chalinze na Tunduma kwenye lori lililolala, lile lenye matawi yamepangwa nyuma yake barabarani, uulize kulikoni. Mara nyingi utaambiwa injini ni nzima. Kilicholala ni tela.

Niliendesha kwa miaka, sasa namiliki tela moja la ekseli tatu na nimejifunza zaidi kwa kulilipia kuliko kwa kuliendesha. Ninayoandika hapa yanahusu tela la semi, lile linalokaa mgongoni mwa kichwa, lenye breki za upepo. Mwenye puling, tela linalovutwa kwa mkono wa chuma nyuma ya lori, atapata ya kwake kwenye sehemu ya upepo na magurudumu, hayo mengine ayaruke.

Jambo la kwanza halihitaji spana. Nunua daftari la shilingi chache, andika namba ya tela kwenye jalada, na kila safari ikiisha andika kilomita kutoka kwenye spidomita ya kichwa kilicholivuta. Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Safari kumi za kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 18,000, na hapo ndipo watu hushtuka, kwa sababu kichwani mwao tela "limefanya sevisi juzi juzi".

Sahani: usiamini mlio

Kiungo cha kichwa na tela kitaalamu huitwa gurudumu la tano, ingawa hakina tairi wala hakigusi barabara. Jina ni urithi wa magari ya farasi, ambayo yalikuwa na duara la chuma lililolazwa juu ya ekseli ya mbele ili iweze kukata kona. Hapa nitaiita sahani, maana ndivyo ilivyo: sahani nzito ya chuma iliyoachwa mdomo kwa nyuma, na ndani ya mdomo mna taya zinazobana kingpini ya tela, ile pini nene ya chuma inayoshuka chini ya tela kwa mbele. Ukienda dukani sema wazi "kingpini ya tela", la sivyo utapewa za stelingi.

Alfajiri moja, Morogoro, niliunganisha tela gizani. Taya zikalia kla, mkono wa kufuli ukaingia, nikaridhika. Utingo wangu alikuwa chini upande wa kulia na tochi. Akaniita.

"Mzee, mbona mwanga unapita?"

Nikashuka, nikapiga goti upande wa kushoto. Yeye akimulika kule, mimi naona huku: mstari wa mwanga unene wa kidole kati ya sahani na bamba la tela, lile la chuma linalolala juu ya sahani. Tela lilikuwa limekaa juu mno, na taya zilikuwa zimekamata ncha ya chini ya kingpini badala ya shingo yake. Tungetoka, tela lingebaki kwenye kipilefti cha kwanza, na sisi tungeendelea mbele wepesi. Tangu siku hiyo utaratibu wangu ni huu, na sibadilishi hata mvua ikinyesha:

1. Kabla ya kurudi nyuma, linganisha urefu. Bamba la tela liwe chini kidogo ya sahani, sentimita mbili hadi tano, ili sahani ikiingia ilinyanyue tela. Tela likiwa juu, lishushe kwa miguu yake ya kuegeshea kwanza. Usijidanganye kwamba litakaa lenyewe.

2. Hakikisha magurudumu ya tela yana kabari na breki zake zimefunga, kisha rudi taratibu, umenyooka. Ukisikia taya zimefunga, weka gia ndogo na uvute mbele polepole mara mbili, tela likiwa bado limefungwa breki. Kichwa kigome. Kikienda, ujue taya hazijashika.

3. Funga handibreki, shuka na tochi hata kama ni saa sita mchana, maana chini ya tela ni usiku siku zote. Tafuta mwanga kati ya sahani na bamba: usiwepo. Mulika kwa nyuma uone taya zimekumbatia shingo ya kingpini. Tazama mkono wa kufuli umeingia wote na kipini cha usalama kimepita.

4. Ndipo uunganishe mipira ya upepo, wa njano kwanza, mwekundu mwisho. Mwekundu ndio unaopeleka upepo unaofungua breki za tela. Ukiutanguliza, nawe umesahau handibreki ya kichwa, gari zima linaweza kuondoka wewe ukiwa umesimama katikati. Kuna madereva waliokufa hivyo hivyo.

5. Waya wa taa, kisha miguu ipande mpaka mwisho, si "mpaka inatosha". Mguu ulioachwa nusu hukutana na reli au tuta, na hapo hupindi mguu tu, unapinda na chesisi.

Tela linagonga, linalia, au limegoma kuachia

Ukiondoka au ukikanyaga breki unasikia kama mtu amepiga nyundo mgongoni mwa kabini. Hilo ni pengo, na pengo lina mahali. Funga breki za tela, mwambie mwenzio asimame pembeni anapoona vizuri (asiwe katikati ya kichwa na tela), nawe sogeza kichwa mbele na nyuma kidogo tu. Kama sahani nzima inacheza juu ya chesisi, tatizo ni bolti zake au zile bushi za pembeni inakoegemea. Kama sahani imetulia na kingpini ndiyo inayocheza, ama taya zimelika, ama kingpini yenyewe.

Hapo usibahatishe, pima. Kingpini ya inchi 2 ikiwa mpya ina milimita 50.8 shingoni. Ikifika 49 imekwisha, ibadilishwe. Chukua vernia, kile kipimo cha taya za kutelezesha, upime kwa mbele na nyuma, halafu kushoto na kulia, kwa sababu hailiki kwa mviringo, hulika upande unaovutwa na unaosukumwa. Sahani nyingi zina bolti ya kukaza taya, na mafundi hupenda kuanza na hiyo. Kukaza taya juu ya kingpini iliyolika ni kufunga mlio tu, ugonjwa unabaki. Na yule atakayekwambia "naijaza kwa kuchomelea, inakuwa kama mpya", mshukuru, lipa soda yako, uondoke. Kingpini haichomelewi. Chuma chake kimetiwa ugumu kiwandani, na moto wa welding unauvuruga. Nimeshagombana na mafundi wawili kwa hili, na mmoja bado hanisalimii.

Kumbuka pia kuna kingpini za inchi 3.5 kwenye matela ya mizigo mizito. Ukiazima kichwa cha mtu, uliza sahani yake ni ya inchi ngapi kabla hamjakubaliana bei.

Stelingi ikiwa nzito kwenye kona, halafu kichwa kinarudi kunyooka kwa kusitasita, na sahani inalia kama mlango wa bawaba kavu, basi imekauka. Wengi hapa hukosea kwa kupaka grisi mpya juu ya ile ya zamani. Kwenye barabara zetu za vumbi ile grisi ya zamani imeshakuwa msasa, imejaa mchanga, inakula bamba na sahani kila kona. Achanisha kichwa na tela, kwangua yote kwa bati, futa kwa kitambaa chenye dizeli mpaka uone chuma, kagua nyufa, ndipo upake mpya. Taya nazo zipate ya kwao.

Taya zikigoma kufunguka, usikimbilie nyundo. Mara nyingi kingpini inazivuta tu, kwa kuwa ulisimama kwenye mteremko au ulimaliza kwa kwenda mbele. Rudisha kichwa nyuma sentimita chache kiisukume kingpini, funga handibreki hapo hapo, vuta mkono. Utaona unakuja kwa kidole. Ukigoma bado, mwagia dizeli kwenye vyuma vya kufuli, subiri, rudia.

Upepo unapotea

Hitilafu ya upepo inatafutwa kwa kugawa, kama unavyomtafuta mbuzi aliyepotea: kwanza unajua yuko ng'ambo gani ya mto. Washa injini mpaka kompresa ikate. Tia kabari magurudumuni, kwa sababu sasa utafungua breki zote. Zima injini, usikanyage kitu, tazama saa ya upepo kwa dakika tano. Kisha kanyaga breki, ishikilie, mwingine atazame dakika nyingine kadhaa. Baadaye funga breki, funga upepo wa tela, toa mipira, na urudie na kichwa peke yake.

Ukiwa na majibu hayo umeshafanya nusu ya kazi. Kichwa peke yake kinapoteza? Acha kulilaumu tela. Linapoteza tela likiwa limeunganishwa na mguu haupo kwenye breki? Tafuta kwenye njia nyekundu: mpira, tangi, valvu. Linapoteza pale tu unapokanyaga? Ni njia ya njano au dayaframu, ile raba ya ndani, ya busta mojawapo. Busta ni lile kopo la upepo linalosukuma breki za gurudumu.

Sasa sikiliza. Usiku, injini imezimwa, upepo unaovuja husikika kama nyoka. Usiposikia, changanya sabuni ya unga na maji kwenye chupa, toboa kifuniko, nyunyiza kwenye viungo. Povu litavimba taratibu panapovuja, hata pale ambapo sikio halikupata kitu. Anza na raba za vichwa vya mipira. Ni za bei ya soda na ndizo zinazokufa kwanza. Mimi natembea na nne mfukoni. Fuata mipira yenyewe pale inapoburura juu ya sahani au kukunjika gari likikata kona, halafu vifungulio vya maji chini ya matangi, ambavyo tope huviacha vimekaa nusu wazi. Ukikanyaga breki ukasikia upepo ukitoka kwenye kitundu cha busta, dayaframu imepasuka.

Hayo maji ya tangi yamwagwe kila asubuhi. Tazama kinachotoka. Maji safi ni kawaida. Yakitoka meusi au kama maziwa, kompresa inapitisha oili au drai ya upepo imekwisha, na uchafu huo unakwenda kugandisha raba za valvu zote mpaka nyuma kabisa. Utabadilisha valvu tatu kabla hujagundua kwamba mkosaji yuko mbele.

Na tela lililogoma kabisa, breki zimeng'ang'ana? Kabla ya kumpigia mtu simu, tazama mambo mawili ya aibu. Kwanza, mipira imepishana? Mwekundu kwenye njano, tela litapata upepo pale tu unapokanyaga breki. Pili, kuna kitufe cha kuegesha kwenye tela lenyewe, chini pembeni, na huenda aliyeliegesha alikivuta. Nililipa fundi nauli ya bodaboda kutoka Mikumi mjini kuja kubonyeza kitufe hicho. Alibonyeza, akaniangalia, akapanda pikipiki yake.

Kama si hayo, busta za springi zina bolti ndefu ya kuirudisha springi nyuma ili breki iachie bila upepo. Tia kabari kwanza, kwa maana ukishaifungua, tela halina breki ya kulishika. Ila busta yenyewe, lile kopo la nyuma lenye springi, USIFUNGUE mkanda wake. Springi ile imebanwa kwa nguvu ya kumuua mtu na haimtangulizii onyo. Ikiharibika, toa nzima, weka nzima.

Dramu ya baridi

Baada ya mteremko, simama mahali salama upite kila gurudumu na mgongo wa kiganja, karibu na dramu bila kugusa. Wote hutafuta ya moto. Ya moto ina maana: breki imekwama haiachii, au slaki (mkono unaounganisha busta na breki) imekazwa mno, au beringi inakufa. Lakini mimi naogopa zaidi ya baridi. Kama tano zina joto na moja ni baridi, hiyo moja haifungi breki, na zile tano zimebeba kazi yake.

Kupima ni rahisi. Chora mstari wa chaki kwenye fito ya busta pale inapotokea, mwingine akanyage breki, upime mstari umesogea kiasi gani. Kwa busta za aina ya 30, ambazo ndizo nyingi kwenye matela, ikizidi sentimita tano slaki imelegea. Slaki ya mkono unaikaza mpaka lainingi iguse dramu, kisha unarudisha kama nusu mzunguko. Ile inayojirekebisha yenyewe usiikaze kaze kila wiki. Ikilegea, imekufa yenyewe au kuna bushi ya kamu imelika, na kuikaza kunakununulia siku mbili za kujidanganya.

Dramu ikiwaka usiimwagie maji. Najua wengi hufanya hivyo kwenye miteremko, na mvuke ule unapendeza kwenye video. Chuma cha dramu kikipozwa ghafla hupasuka. Kaa kivulini, kunywa chai, iache ipoe.

Sababu kubwa ya dramu za tela kuungua ni mkono wa breki ya tela. Dereva anataka kutunza lainingi za kichwa, basi mteremko mzima anashuka na ule mkono. Breki za nyuma zinabeba kichwa, mzigo na tela, zinachoka, na anapohitaji mguu hakuna kitu. Ukishuka Kitonga kutoka upande wa Iringa, gia ichaguliwe juu kabla mteremko haujaanza, ekzosti breki, ile ya injini, iwake, mguu ufunge breki kwa vipindi vifupi vya nguvu na kuachia. Kuhusu kutia free, yaani kushuka bila gia, ili kuokoa dizeli, muulize yeyote aliyekuwa akipita Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, miaka ile ajali zilipokuwa hazipoi.

Habu, nati, tairi

Ukiona grisi au oili imetapakaa ndani ya rimu, sili imekwisha, na kinachofuata ni lainingi kulowa na beringi kukauka. Nyanyua ekseli kwa jeki, weka stendi, shika tairi juu na chini utikise. Ikicheza, beringi imelegea au imelika. Zungusha kwa mkono usikilize. Mlio wa kokoto ndani ya mtungi unajulikana hata na mtoto. Beringi ikifunguliwa, habu, kile kitovu cha gurudumu, isukutuliwe grisi yote ya zamani, mpya ijazwe kati ya gololi kwa kiganja mpaka itokee upande wa pili. Nati ikazwe huku gurudumu linazunguka, kisha irudishwe kidogo. Baada ya kilomita 20 za kwanza, simama uguse habu. Uvuguvugu ni sawa. Ukishindwa kuacha mkono hapo, umekaza mno.

Nati za magurudumu hujisema zenyewe. Michirizi ya kutu inayoanzia kwenye nati kwenda nje ni ishara kwamba inacheza. Kila gurudumu lilipotolewa, nati zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kwa matela mengi yenye stadi za milimita 22 kukaza ni kama 600 Nm, ila soma kibati cha ekseli yako. Kupanda juu ya spana na kurukaruka si kipimo. Mwenye kilo 60 na mwenye kilo 95 hawakazi sawa. Na rimu isipakwe rangi nzito pale inapokutana na habu. Rangi ile husagika, nafasi inabaki, nati zinalegea bila mtu kuzigusa.

Tairi za ndani kwenye pacha ndizo zinazosahaulika. Moja ikipungua upepo, mwenzake hubeba yote, inapata moto, inapasuka, na wewe unamlaumu aliyekuuzia. Kugonga kwa chuma kunasaidia kujua ile iliyokwisha kabisa, lakini hakukuonyeshi iliyopungua robo. Tumia geji, asubuhi, tairi zikiwa baridi.

Tela linatembea kiubavu

Ukiwa nyuma ya tela barabarani ukaliona kama mbwa anayekimbia, mgongo upande huu na miguu upande ule, ekseli zimehama. Tairi zitakwambia pia, zinalika bega moja tu, ekseli nzima.

Hapa unahitaji futi kamba ndefu na mtu mmoja wa kushika. Tela liwe tupu, mahali tambarare, limenyooka. Pima kutoka katikati ya kingpini hadi ncha ya ekseli ya kwanza kushoto, kisha hadi ncha yake ya kulia. Tofauti isizidi milimita tatu. Halafu pima kutoka ekseli ya kwanza hadi ya pili, pande zote mbili, na ya pili hadi ya tatu. Ukipata tofauti, usianze kukaza fito za ekseli papo hapo. Angalia kwanza yubolti zinazofunga ekseli kwenye springi zimelegea? Senta bolti inayoshikanisha majani ya springi imekatika? Jani la springi limevunjika? Nimeona tela "likinyooshwa" mara tatu gereji, na senta bolti iliyokatika ikiwa bado imejificha ndani ya springi, ekseli ikirudi kule kule ndani ya wiki. Yubolti zikaguliwe tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo.

Springi mbovu ina gharama nyingine wasiyoitazamia wengi. Ekseli tatu za nyuma zenye tairi 12 zinaruhusiwa tani 24 katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mzigo wako unaweza kuwa halali kwa jumla, lakini springi moja imelala na ekseli za jirani zinabeba zaidi, tairi zao zinaisha mapema, nawe unabaki kubishana kwenye mizani ya Vigwaza na Mikese kuhusu namna mzigo ulivyopangwa.

Taa

Ukiwasha indiketa na taa zote za nyuma zikafifia na kupepesa pamoja, usibadilishe balbu. Ni waya wa ethi, ule unaorudi kwenye chesisi, umeoza au umelegea. Tafuta pale ulipofungwa, sugua mpaka chuma king'ae, funga upya. Taa ikiwa moja tu, anza kwenye soketi: pini zake hushika kutu ya kijani, zipige msasa mwembamba.

Halafu kuna hili la vichwa vya Kimarekani. Freightliner kwa kawaida ni volti 12, vichwa vya Ulaya ni 24. Tela lenye balbu za 12 likivutwa na kichwa cha Ulaya, balbu zote zinaungua kabla hujatoka getini. Likiwa na za 24 kwenye kichwa cha Kimarekani, zinawaka kama mshumaa. Tela langu lina maandishi ya rangi kando ya soketi: 24. Yamenigharimu brashi moja.

Kuliacha tela

Chagua ardhi ngumu. Kwenye udongo au lami iliyolainishwa na jua, weka ubao mpana chini ya kila mguu, maana miguu ya tela lenye mzigo huzama polepole usiku, na asubuhi unakuta bamba limeshuka chini ya sahani na hakuna kichwa kitakachoingia. Funga breki ya kuegesha ya tela, tia kabari pande zote mbili za gurudumu. Kabari ni lazima, kwa sababu tela la zamani lisilo na busta za springi linashikwa na upepo peke yake, na ule upepo unavuja. Baada ya siku kadhaa halishikwi na kitu.

Shusha miguu mpaka iguse, kisha izungushe kidogo kwa gia nzito ili ipokee uzito. Toa mpira mwekundu kwanza, wa njano baadaye, kisha waya wa taa, uzitundike ncha zake zisiangalie juu zikaingiwa na mvua. Vuta mkono wa kufuli. Kabla hujaingia kabini, zunguka mara moja utazame kwamba hakuna mpira ulioachwa umeshika. Sogea mbele nusu mita, simama, shuka uone miguu imekaa na haizami, ndipo uondoke moja kwa moja.